Duka Kuukuu la Usita wa Mui: Shajara ya Kulifungua Upya

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimekabidhiwa funguo za duka la Usita wa Mui, mtaa mkuu wa Lamu, nne kwa jumla, na mbili kati yake hazifungui chochote. Mlango wa duka ni wa mbao sita za kukunja. Ubao wa tatu kutoka kushoto umevimba kwa unyevu. Tuliusukuma kwa mabega, mimi na mwenye punda aliyekuwa akipita, hadi ukatoa mlio kama wa jahazi linalokwaruza mwamba. Mwanga ulipoingia, wa kwanza kutoka walikuwa popo.

Duka hili lilifungwa nikiwa darasa la sita. Kabla ya hapo marehemu baba alikuwa akilipitia kila siku baada ya Alasiri, dele la kahawa mkono mmoja, vikombe mkono wa pili akivigonganisha, na mwenye duka alikuwa hasemi neno mpaka amalize kikombe cha pili. Mimi nilibeba ndoo ya kusuuzia vikombe. Kwa hiyo nikilitazama naona mambo mawili kwa pamoja: duka lililojaa na duka tupu.

Ni jengo la ghorofa moja juu ya duka, la wafanyabiashara waliotoka Gujarati. Nyuma kuna ghala, na nyuma ya ghala kiwanja kidogo chenye kisima. Kizazi cha sasa kinaishi Mombasa. Walikuja watu kadhaa kulitaka, wote kwa nia moja ya kuligeuza nyumba ya wageni ya faragha, bwawa dogo kiwanjani na mlango wa mbele ufungwe. Mama anayesimamia mali ya familia aliniuliza kwa simu swali moja tu: "Baba, ule mlango wa dukani utakuwa wazi?" Nikamwambia, mama, utafunguliwa watu wakitoka kusali Alfajiri. Tukaandikiana mkataba wa miaka 12.

Litakuwa nyumba ya kahawa. Watu waingie, wakae, wazungumze, wacheze bao, wasome gazeti, wanywe kikombe kimoja au kumi.

Jumamosi, 25 Januari

Wengi wananiuliza wazo hili nimelitoa wapi, kwa hiyo naliandika hapa mara moja nisirudie.

Niliishi Edinburgh miaka mitatu nikiosha vyombo katika jikoni la hoteli. Siku yangu ya mapumziko nilikuwa natembea George Street, mtaa wa mabenki ya zamani. Jumba moja pale lilijengwa mwaka 1847 kuwa makao makuu ya Commercial Bank of Scotland, lina nguzo nene mbele kama hekalu na kuba la kioo ndani. Tangu 1996 linaitwa The Dome, na watu wanakula na kunywa chini ya kuba lile. Hatua chache kutoka hapo kuna jingine, lililokuwa la Union Bank of Scotland, nalo sasa ni pub. Wameliita The Standing Order, kwa Kiswahili ni lile agizo la kudumu unaloiachia benki ikulipie madeni kila mwezi. Chumba cha kuhifadhia fedha bado kipo, na mlango wake wa chuma mzito kupita maelezo. Nilikiona, nikauwekea mkono ule mlango. Baridi kama barafu.

London nako nilipita Fleet Street, nikaingia The Old Bank of England. Jengo ni la 1888, na benki iliendelea humo hadi 1975.

Pombe sinywi. Nilikuwa naagiza chai na kukaa nikitazama. Nilichokiona ni bibi mzee na kikapu chake cha sokoni, amekaa chini ya dari iliyochongwa kwa ajili ya matajiri, anasubiri mvua ipite, na hakuna anayemuuliza ana akaunti gani. Neno pub lenyewe limefupishwa kutoka maneno yenye maana ya nyumba ya umma. Na benki zinafaa sana kwa kazi hiyo. Ukumbi wa wateja una nafasi na dari ya juu, kaunta ipo tayari, vyumba vya chini vina ubaridi wa kuwekea mapipa, na jengo liko mtaa mkuu, mara nyingi kwenye kona, mahali ambapo miguu ya watu inapita hata usipotangaza.

Basi nilikuwa nikikaa pale nikilifikiria duka la Usita wa Mui. Nalo liko mtaa mkuu, na kaunta ninaikumbuka. Mtaa huu zamani ndio uliokuwa ukingo wa maji, kabla pwani haijajazwa na kusogea mbele hadi ilipo gati leo. Mzigo ulishushwa karibu na mlango wake.

Pombe haitauzwa humu, na silisemi hili kwa unyonge. Misikiti miwili inasikika kutoka kiwanjani. Lamu nyumba ya umma ni mahali penye baraza na dele la kahawa, na hiyo desturi ni yetu tangu hapo.

Hapa kwetu pia majengo yamebadilishwa kazi. Ngome iliyomalizwa 1821 ilikuwa gereza kuanzia 1910 hadi 1984. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi 1888 hadi 1891 tu, imehifadhiwa kwa kumbukumbu. Nazipenda zote mbili. Lakini huko mtu analipa kiingilio, anatazama, anatoka. Mimi nataka mahali pa mtu kukaa mpaka achoke mwenyewe.

Jumanne, 4 Februari

Simiti. Wiki mbili nzima ni simiti.

Mpangaji mmoja wa zamani alipiga lipu la simiti kuta zote za chini hadi kimo cha kifua, akidhani anazuia unyevu. Kuta za Lamu ni matumbawe na chokaa. Zinanyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani, usiku na mchana. Ukizibandika simiti, maji hayakomi, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, yamebeba chumvi. Chumvi ikikauka inaganda ndani ya tundu za jiwe, inatanuka, inalitafuna. Juu kidogo ya pale simiti ilipoishia, mawe yamekuwa unga. Unapitisha kidole na yanamiminika.

Fundi wetu mkuu amepita miaka sabini. Namwita ami, kama wote hapa wanavyomwita. Siku ya kwanza aliweka kiganja ukutani akakaa kimya muda, kisha akasema: "Mwanangu, nyumba hii imevishwa mpira. Tuivue ipumue."

Tunaivua kwa patasi na nyundo ndogo. Kijana mmoja alikuja na mashine ya kubomolea akitaka kutuokolea siku kumi, ami akamrudisha kwa upole. Mtikisiko wa mashine ungeachanisha chokaa na mawe hadi huko juu kwenye boriti. Nimejifunza kusikiliza: simiti ikiwa imeachana na jiwe inalia tupu, unaipandisha kwa ncha na inatoka bapa zima kama ganda la yai. Ikiwa imeshika, unaiacha kwanza. Leo nimetoa eneo la mkeka mmoja kuanzia asubuhi hadi Adhuhuri, na mikono bado inatetemeka ninapoandika.

Mzigo wa kwanza wa chokaa ulitutia hasara. Ulikuwa umeachwa wazi, ukala hewa, ukafa. Chokaa hai ukiitia maji inachemka na kutoa moshi; hii ilikaa shimoni kama uji baridi. Na ndani yake majivu. Tumeurudisha, na fedha zetu tumerudishiwa nusu. Siku tisa zimepotea. Mzigo wa pili umekuja kwa mashua jana, magunia kwenye shogi za punda wanane. Ami alitia konzi moja kwenye ndoo ya maji kabla mzigo haujashushwa. Ikanguruma. Akacheka.

Jumatano, 12 Februari

Leo sikufanya kazi nyingine, na sijuti.

Nyuma ya rafu za kushoto kulikuwa na chokaa nyeupe iliyopakwa tabaka juu ya tabaka. Nilikuwa naikwangua kwa kisu butu, nikaona mstari wa kijivu. Nikaacha kisu, nikachukua brashi ya nazi na maji kidogo. Ni penseli. Vijiti vinne na cha tano kikivikata, fungu kwa fungu, safu inayoshuka urefu wa mkono mzima. Pembeni yake tarakimu, nyingine za Kiarabu, nyingine za Kigujarati. Chini kabisa, kimo cha mtoto, jahazi limechorwa na tanga moja.

Nilimwita mzee wa Kibohora, jamii ya Waislamu wenye asili ya Gujarati, anayekaa njia ya pili. Akaja na miwani na kiti. Alisoma polepole akifuatisha kwa ukucha bila kugusa ukuta: simsim, gunia arubaini. Mbata. Ngozi. Simsim tena. Mstari mmoja ulimshinda, akaurudia mara tatu, akavua miwani na kuifuta, akaurudia tena. Kisha akaniambia, "Usiupake rangi, mwanangu." Sikuwa na nia hiyo hata kabla hajasema. Ukuta huo utabaki kama ulivyo, na meza hazitauegemea.

Juu ya hapo, kwenye boriti ya katikati, kuna ndoana ya chuma iliyoning'iniza mizani. Boriti imelika pale ndoana ilipokuwa ikicheza. Kaunta nayo tumeitoa mafichoni, ilikuwa imezibwa na maturubali. Seremala anasema ni msaji, na urefu wake unapita mita tatu. Karibu na ncha ya kulia mbao imebonyea kibonde laini kama ndani ya kijiko, mahali mwenye duka alipokuwa akisukuma sarafu kuelekea kwake. Vidole vitatu vinaingia sawasawa. Ni miaka mingapi ya sarafu inayolika msaji namna ile?

Jumatano, 26 Februari

Boriti za dari ya chini ni 63. Mbovu 19.

Ami anazipima kwa mpini wa nyundo na sikio. Nzima inalia, iliyooza inameza sauti. Halafu anachoma ncha kwa bisibisi. Ubovu karibu wote uko mwisho wa boriti, kile kipande kilichoingia ukutani, kwa sababu huko ndiko unyevu uliozuiwa na simiti ulikokimbilia. Katikati ya boriti hizo hizo ni mbao safi ngumu kama mfupa.

Hapa ndipo tulipokosana, mimi na ami, kwa siku mbili. Nilikuja na picha kichwani, ule ukumbi mmoja mkubwa wa Edinburgh. Nilitaka tubomoe ukuta kati ya duka na chumba cha pili, tuweke chuma juu. Ami alikataa. Vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu kwa sababu ya mkoko wenyewe, mti wa boriti zetu. Boriti inabeba uzito vizuri kwa upana wa mita tatu hivi, ukizidi hapo inapinda. Ukuta niliotaka kuuangusha umebeba boriti kutoka pande mbili. "Huu ndio uti wa mgongo," aliniambia. "Wataka kuukata upate nafasi ya kucheza?"

Nilikwenda nyumbani nimenuna. Usiku nikakumbuka jinsi baba alivyokuwa akihudumia: watu wawili wawili wakielekeana barazani, magoti yakikaribiana, kikombe kinapita kutoka mkono hadi mkono. Hakuna aliyehitaji kupaza sauti. Ukumbi wa benki ulijengwa ili mteja ajione mdogo. Chumba cha mita tatu kinawaweka watu karibu hata kama hawajuani. Asubuhi nilimwomba ami radhi. Tutajenga baraza za mawe pande zote mbili za kila chumba, na ukuta unabaki na mlango wake uleule.

Boriti mpya zimefika gatini. Kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na jina lake, na mwenye mashua alijaribu kutupa mazio sita kwa bei ya boriti. Ami alizitenga kwa jicho tu. Punda hawezi kukata kona za vichochoro akiwa na mti wa mita tatu, kwa hiyo zimebebwa mabegani kabla jua halijatoka, watu wawili kila moja.

Jumanne, 18 Machi, Ramadhani

Kazi ni kuanzia Alfajiri hadi saa nne tu. Boriti 14 zimeshabadilishwa, moja moja, dari ikiegemezwa kwa nguzo za muda. Chokaa imelala shimoni chini ya maji, na kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika, basi mfungo huu umekuja wakati mzuri.

Baada ya Tarawehe vijana wameanza kukaa kwenye kizingiti chetu, ingawa hakuna kitu cha kukalia ila rundo la mawe ya Manda, kisiwa cha jirani.

Jumatano, 9 Aprili

Dada yangu mkubwa alikuja kuona kazi baada ya Idi. Alizunguka kila chumba, akasifu, akagusa kaunta. Kisha akasimama katikati akauliza: "Na sisi tutakaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Michoro yote niliyochora imejaa baraza, na mwanamke wa Lamu hataketi barazani mtaa mkuu katikati ya wanaume, jambo ninalolijua tangu utoto na sikulifikiria. Nimekuwa nikisema nyumba ya umma miezi mitatu, huku nusu ya umma nimeiacha nje. Hili limeniuma kuliko chokaa iliyokufa.

Jawabu lilikuwepo ukutani. Ghala la nyuma lilikuwa na mlango wa uchochoroni wa kupitishia magunia, ukazibwa zamani. Ami alibandua lipu, kizingiti cha juu kikaonekana na alama za bawaba. Tutaufungua tena. Ghala litakuwa upande wa wanawake, na mlango wao, kisima na kiwanja. Dada anataka mikeka na mito badala ya viti, na anataka jiko la mkate wa sinia liwe huko, maana biashara ya mkate ataisimamia yeye. Nimekubali yote.

Mji wa kale unalindwa na sheria tangu 1986, na UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, kwa hiyo huwezi kutoboa ukuta unapotaka. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, bila yake mtaa huu ungekuwa na vioo na marumaru zamani. Ila ofisi moja ilikaa na michoro yetu ya kwanza wiki tano bila kusema ndiyo wala hapana, na kila siku ya kungoja nililipa mafundi. Safari hii nimepeleka picha za kile kizingiti na vipimo vyake. Mlango uliokuwepo ni rahisi kuutetea.

Jumanne, 29 Aprili

Masika imeingia. Bati la juu linavuja sehemu mbili, zimezibwa. Nyaya za umeme zimepitishwa. Kibali cha mlango wa nyuma kimetoka.

Jumanne, 20 Mei

Sakafu ya ghorofani imepigwa, siku mbili mfululizo, watu kumi na mmoja.

Sijawahi kuiona kazi hii tangu nizaliwe, niliisikia kwa nyanya tu. Juu ya boriti kuna vipande vya matumbawe, juu yake zege la chokaa na kokoto. Watu wanajipanga mstari, kila mmoja na kipande cha mti kilichochongwa bapa, wanapiga kwa pamoja wakirudi nyuma hatua kwa hatua, mmoja anaongoza wimbo na wengine wanaitikia. Wimbo una kazi yake, ukikatika mapigo yanaachana na sakafu inapata mabonde. Wanapiga mpaka sakafu itoe jasho, maji meupe yanapanda juu yenyewe. Wanainyunyizia maji ya chokaa, wanaanza tena. Nilipiga zamu moja nikashindwa kuinua mikono kula.

Majirani walitoka madirishani. Bibi mmoja wa nyumba ya pili aliitikia wimbo kutoka kwake juu bila kuonekana, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko zetu zote.

Sasa tunaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa wiki tatu. Ikikauka haraka itapasuka.

Jumamosi, 14 Juni

Kuta za chini zina tabaka tatu za chokaa, na niru, chokaa laini ya kumalizia, juu yake. Ukiweka shavu unahisi ubaridi mkavu, ule unyevu wa kunata umekwisha. Chumvi kidogo imetokea kona ya kisima. Ami anasema ipigwe mswaki kila wiki, isioshwe kwa maji, na itachukua mwaka kwisha.

Kaunta imerudi mahali pake. Seremala alitaka kuipiga randa yote iwe sawa, nikasimama juu ya kile kibonde mpaka akaelewa. Imepakwa mafuta tu. Pazia la ghala limetundikwa, na dada ameshachoma mkate wa kwanza. Shisha haitakuwepo, wala muziki wakati wa sala, tumepatana na imamu kwa kinywa na mkono. Jina hatujaafikiana. Nilipeleka majina matano kwa familia, hakuna lililopita. Watoto wa mtaa wanasema "dukani" tu.

Kufungua rasmi ni wiki mbili zijazo. Leo nilitaka kujaribu jiko. Niliwasha makaa, nikapika kahawa kwa dele la baba, tangawizi nyingi kama alivyopenda, na mlango nikaufungua ili moshi utoke. Nilipogeuka, mzee wa Kibohora alikuwa ameshakaa baraza ya kulia, amevua viatu, uso kuelekea ule ukuta wa penseli. Nyuma yake waliingia wabeba boriti wawili, halafu mwenye punda wa siku ya kwanza, akamfunga punda kwenye kitasa. Sikuwa na vikombe vya kutosha. Tulivizungusha, nikisuuza kwenye ndoo.

Kutoka ghalani nilisikia wanawake wakicheka, sijui waliingia saa ngapi.

Tulifunga saa tano usiku. Ubao wa tatu wa mlango bado unakwama. Seremala ataupiga randa Jumatatu, na nimemwambia apunguze kidogo sana, maana sasa ni kusi na kila kitu kimevimba. Kaskazi ikirudi utasinyaa wenyewe.